Kijani cha Saa Nane

Mkurugenzi Gombosuren alitaka jibu kabla ya Ijumaa:
chombo kipi kitatulindia seva,
bei yake, na kwa nini cha bure hakitoshi.
Nikaviweka vitatu mezani kama mtu anayechagua viatu,
kila kimoja nikakivaa wiki nzima.

Cha kwanza kilikuja na rangi kumi na sita,
grafu zinazopanda na kushuka kwa madaha,
na bili inayohesabu mashine kichwa kwa kichwa.
Sanjaa, aliyezeeka humu chini pamoja na paipu za maji moto,
alikitazama, akapuliza chai yake ya chumvi:
"Kizuri. Kinatuambia tuna homa,
kisha kinatutoza nauli ya kutuambia."

Cha pili hakikudai hata tugriki moja.
Kilidai kumbukumbu.
Kilikaa ndani ya seva ile ile kinayoipima,
kikala robo nzima,
kisha kikatuandikia, kwa herufi nyekundu,
kwamba kumbukumbu inakwisha.
Mganga kalala kitanda cha mgonjwa
na uji kamnywea.

Cha tatu nilikiandika mwenyewe, mistari arobaini:
mzigo wa prosesa, kumbukumbu, diski, joto la chumba.
Namba nne. Taa moja.
Mambo yakiwa sawa, kijani.
Nilikipenda, sikatai. Mtu hupenda kilichotoka mkononi mwake
hata kikichechemea.

Usiku wa tarehe kumi na tisa Januari, Darkhan ilishuka
digrii thelathini na nane chini ya sifuri.
Moshi wa makaa ulikataa kupanda.
Paipu ikapasuka mtaa wa saba,
na watu wakafungua simu kwa vidole vya ganzi,
wote kwa mpigo, wakiuliza swali moja:
maji ya moto yamefika wapi?

Saa nane nilitazama skrini. Kijani.
Saa nane na nusu, kijani.
Mzigo asilimia kumi na tatu, ule ule,
joto lile lile hadi tarakimu ya mwisho,
na mimi, injinia mwenye cheti ukutani,
sikujiuliza ni moyo gani
unaopiga sawasawa hivyo.

Simu ikalia.
"Dulmaa, shuka."
"Mbona kila kitu kijani?"
"Ndiyo. Shuka."

Alikuwa ameweka kiganja kwenye kabati la seva
kama mama anayegusa paji la mtoto.
Baridi. Feni kimya.
Mashine ilizidiwa, ikazimika tangu saa saba na dakika hamsini,
na chombo changu, nilichokilaza humo humo tumboni
(mimi niliyemcheka yule mganga),
kilizimika nayo,
neno lake la mwisho likabaki linawaka ukutani.

Kimya kingi kina mshindo, tunaambiwa.
Kimya sikuwa nimekiandikia
hata mstari mmoja.

Ijumaa sikupeleka jedwali la nyota.
Nilipeleka swali:
usiposikia kitu, utasema nini?
Cha rangi kumi na sita kilichora mstari ulionyooka, kwa madaha.
Cha pili hakikujibu, kilikuwa kinakula.
Changu nilikwisha kujua.

Basi nikakivunja changu, nikakihamisha
kwenye kompyuta kuukuu ng'ambo ya barabara,
chumba cha mlinzi wa bohari, karibu na jiko lake.
Kila dakika kinaita: upo?
Kikikosa jibu mara mbili, taa inageuka kijivu
na mlinzi anaamka akitukana.

"Hiki kijivu," akauliza Gombosuren, "maana yake nini?"
"Kwamba hakijui."
Akanitazama muda mrefu kidogo.
"Bei?"
"Kuni za mlinzi."
Akapiga muhuri.

Sanjaa bado hushuka kila alfajiri na kiganja chake.
Simkatazi. Kwenye daftari la seva
baada ya mzigo, kumbukumbu, diski na joto,
nimemchorea safu ya tano.
Leo ameandika: vuguvugu.